Shangazi Aliyempangusa Tembo Vumbi

Marehemu shangazi yetu, Mungu amlaze mahali pema, alifagia wodi za hospitali mpaka akastaafu, na alipopumzika tu macho yakaanza kuingia ukungu. Daktari hakumficha: giza linakuja. Shangazi hakulia. "Basi kabla Mola hajafunga dirisha," alisema, "nataka kumwona tembo." Maisha yake yote alimjua kwa picha tu.

Binti yake akampeleka kwenye makumbusho ya wanyama, ndani ya jumba kuukuu lililokuwa mahakama zamani, lenye kuta nene na mlango wa mbao wa kupita lori. Walikuta ubao mmoja tu wa mlango umefunguliwa, na msimamizi amesimama katikati.

"Leo tunapangusa vumbi, mama. Wageni kesho."

"Kesho ya nani, baba? Macho haya hayana kesho."

"Sheria, mama yangu."

"Mama, twende," binti akanong'ona.

"Niache!" Shangazi akamgeukia msimamizi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, si ndiyo? Mimi nipe leo leo. Ufagio ndio ulionilisha. Mgeni arudi kesho, mfanyakazi aingie."

Msimamizi alicheka mpaka akashika mlango. Akampa brashi laini.

Tembo, ngozi ya kweli iliyokaushwa na kujazwa, alisimama kwenye ukumbi alipokuwa akikaa hakimu. Shangazi akainua uso, akakaza macho.

"Mbona naona kilima tu?"

Kisha msimamizi akamshika mkono, akamsogeza mbele. Kamba ya kuzuia watu ilikuwa imeondolewa kwa ajili ya usafi. "Anzia hapa, mama. Polepole."

Mkono wa kulia ukapangusa, wa kushoto ukafuata. Ukapanda goti lenye mikunjo, ukashuka mpaka chini, ukasimama ghafla.

"Kucha! Jamani, ana kucha kama visahani!" Wafanyakazi wakamletea ngazi fupi, akafika sikioni. "Turubai hili! Ee Mola fundi, hukubania kitambaa!"

"Sasa umemwona, mama?" binti akauliza, machozi na kicheko pamoja.

"Namwona, mwanangu. Usinisemeshe, utanipotezea njia."

Saa ya chakula ikafika. Wafanyakazi wakateremka kwenye ngazi zao, wakanawa mikono, msimamizi akaja kumwita.

"Nendeni mkale," Shangazi akasema, kichwa kikiwa chini ya tumbo la tembo. "Mimi bado nina mguu mmoja na mkia."