Springi za Gari la Wafula

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Kitale, Fomeni, msimamizi wa mafundi, aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, kisha akaniambia niketi kiti cha nyuma cha gari la mteja. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana peke yangu kati ya wanaume, nikadhani ananiweka kando nisiwasumbue. Kumbe ndiyo kazi ilikuwa imeanza. Aliliendesha gari hadi Saboti na kurudi, tukashuka.

"Umesikia nini?" akauliza.

"Sijasikia kelele yoyote, Fomeni."

"Mimi siulizi masikio, nauliza mgongo! Dereva ameshika usukani, yeye hajui kitu. Mtu wa nyuma ndio anaumia. Rudi ndani, tunaenda tena."

Miezi ya kwanza nilimwogopa, halafu nikampenda kama mzazi. Alikuwa mtu wa maneno makali na mkono mkunjufu. Hakuficha ujuzi wake hata chembe. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba springi ndiyo hubeba gari. Shokomzoba, ule mrija wenye mafuta ndani, haubebi chochote. Kazi yake ni kuituliza springi, maana springi ikishapita shimo hutaka kuendelea kucheza. Wateja wengi huja wakilaumu kimoja wakati mgonjwa ni kingine, na fundi asiyejua tofauti hubadilisha vyote na gari likabaki vilevile.

Baadaye walinihamishia tawi la Saboti, kwenye pikapu za kubeba mahindi na maziwa. Meneja wa tawi, mzee mpole aliyependa chai kuliko chakula, hakukubali gari lipimwe likiwa tupu. "Huku kwetu gari ni punda," alizoea kusema. "Punda unampima akiwa na mzigo." Nilizoea kupakia magunia nyuma ya gari kabla ya kuligusa kwa spana. Wenzangu wa mjini walinicheka, nami niliwaacha wacheke.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bungoma, nikiwa msimamizi wa upande wa springi. Huko ndiko nilikowakuta vijana wanaoshusha magari yakae karibu na lami. Mafundi wa rika langu walisonya. Mimi sikuona dhambi yoyote: gari lililoshushwa vizuri hutulia kwenye kona, na macho nayo yana haki yake. Ubaya ni kukata springi kwa grainda, au kununua springi fupi ukaacha shokomzoba za zamani. Springi fupi huliacha gurudumu na nafasi ndogo ya kupanda na kushuka. Shokomzoba ikiwa laini mno, gari hunesa hadi lipige chini. Ikiwa ngumu mno, umepanda mkokoteni. Lazima viwili hivi vichaguliwe pamoja, kama watu wanaooana.

Nilikuwa nakaribia kustaafu Wafula alipokuja. Alikuwa karani ofisi za kaunti, kijana nadhifu, na gari lake dogo la buluu lilikuwa limeshushwa hadi ukisimama mbali huoni mwanga chini yake.

"Auntie Nafula, nisaidie bana. Mathe amegoma kwenda kliniki."

Mama yake alikuwa amevunjika nyonga. Kila wiki Wafula alimtoa nyumbani Myanga, akampeleka Kitale kwa mazoezi ya mguu, na usiku huo mama akalala kwa binti yake aliyeolewa huko. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba akiacha mazoezi hatatembea tena.

"Ni gunia ya ndizi ndio imeleta shida," Wafula akasema. "Kila safari lazima abebee wakwe wa sister. Nilimwambia aache, tairi inakwaruza bodi. Sasa ati haendi. Gari ikiwa tupu si iko sawa tu?"

Nilifuatana na Wafula hadi Myanga kumwona huyo mama. Nilimkuta jikoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, naye alingoja hadi mwanawe atoke nje.

"Mwanangu, mimi nitaingia aje kwa wakwe mikono mitupu?" akaniambia. "Nikiacha gunia, naona haya. Nikibeba, hiyo gari inagonga chini, hii nyonga inataka kuachana na mimi. Basi wacha nikae. Lakini usimwambie naumia. Hiyo gari ndio furaha yake."

Nilirudi Bungoma nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Nilimwambia Wafula alete gari likiwa na gunia ndani ya buti, basi, sababu sikumpa. Tulipolipakia, nilichungulia chini nikaona kile kipira kinachozuia chuma kugonga chuma kimekwisha kubanwa hata kabla gari halijaondoka. Hapakuwa na springi tena pale. Kila tuta lilikwenda moja kwa moja kwa mtu wa nyuma.

Nilimchagulia springi zilizoshusha gari kidogo tu, zenye mizunguko iliyokaribiana upande mmoja na kuachana upande wa pili. Ile ya karibu hulainisha mashimo madogo. Mzigo ukizidi, ile ya mbali ndiyo hushika. Kisha nikatafuta shokomzoba fupi zilizotengenezwa kwa kimo hicho hicho. Wafula alizunguka gari amenuna.

"Si sasa itakaa ya pastor?"

"Itakaa ya mtu ana mama," nikamwambia.

Mama alikubali kujaribu safari moja, nami nikaenda nao Kitale. Niliketi nyuma pamoja na mama, gunia likiwa kwenye buti. Tuta la kwanza alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. La pili akaushika kwa mmoja. Baadaye aliuachilia kabisa, akaanza kusema: mbuzi wa jirani aliyekula sukumawiki yake, mchungaji anayehubiri mpaka watoto wanalala, Wafula asiyetaka kuoa. Tulipofika Kiminini alikuwa anahukumu mahindi ya kila shamba.

Wafula alitazama kioo. "Kumbe mama huongea njiani? Safari zote hizo alikuwa kimya. Nilidhani anasali."

"Nilikuwa nasali," mama akajibu. "Nilikuwa naomba Mungu matuta iishe."

Wafula alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Aliegesha gari kando ya barabara.

"Mama, si ungesema?"

"Ungeuza gari."

"Ningeuza, ndio."

"Sasa unaona. Haya endesha, kliniki haitatungoja."

Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaendesha. Mimi nilitazama dirishani, maana machozi yalikuwa yamenishinda pia.

Nimestaafu sasa, na mgongo wangu mwenyewe umeanza kudai haki yake. Namshukuru Mungu kwa kazi ile, na nawashukuru wakubwa wangu wa Kitale na Saboti, ambao wote wamekwisha kupumzika. Mama Wafula anatembea kwa fimbo moja. Wafula hakuliuza gari, na hunipitia wakielekea Kitale. Siku hizo mlango wangu huwa wazi, na humsikia yule mama kabla sijaliona gari.