Wembe wa Kuondoa Matanga

Wembe niliununua Jumapili asubuhi, siku niliyokwepa ibada, kwenye uwanja ambao watu huegesha magari yao, wakafungua buti na kuuza vitu vya marehemu wao. Sijui kama vyote vilikuwa vya marehemu. Siku zile mimi kila kitu nilikiona cha marehemu. Baba alikuwa amezikwa siku tisa kabla, na sikuwepo. Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji ikingoja majibu, na ningetoka Uingereza bila majibu hayo nisingerudi tena. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimeketi kitandani huku Kingstanding, na picha ikakwama wakati wanateremsha jeneza. Iliporudi, watu walikuwa tayari wanaimba.

Kwetu mtu akifa, waliofiwa hawagusi nywele zao mpaka siku ya kunyolewa, na anayeanza ni kifungua mimba. Asiponyolewa yeye, hanyolewi mwingine yeyote. Na mjane ambaye hajanyolewa hatoki bomani. Haendi sokoni, haendi kanisani, hasalimiani na mtu kwa mkono. Kifungua mimba ni mimi. Yaani mama yangu alikuwa amefungiwa nyumbani, na ufunguo ulikuwa kichwani kwangu, Birmingham.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenipa masharti kwa simu. Ninyolewe kwa wembe, si mashine. Anayeninyoa awe mtu wa nje ya ukoo, maana mfiwa hajinyoi mwenyewe. Na wao wawe wananiona kwenye video, ili nikimaliza tu, wadogo zangu nao waanze.

"Wembe wowote," mama akasema nyuma yake. "Hata wa dukani."

Hilo nililisikia vizuri, nisijitetee. Ila mimi ni mtu wa kichwa kigumu. Babu alipokufa nilikuwa na miaka saba, nikamwona baba amekaa kwenye kigoda, na jirani wa ukoo mwingine akifungua wembe wa kukunja wenye mpini mweusi. Baba hakuwa amelia kaburini. Alilia pale, nywele zikimwangukia magotini, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Nikajiambia: mazishi yamenipita, basi hili moja nitalifanya sawasawa, kwa wembe kama ule.

Aliyeniuzia alikuwa mama mmoja wa Kiingereza aliyevaa koti la mvua. Wembe ulikuwa kwenye bakuli la vijiko, mpini mweusi kabisa, chuma kimeshika kutu. Nikamuuliza ulikuwa wa nani, akasema wa baba yake. Nikampa pole. Akanitazama sana, kisha akaniambia baba yake alikufa zamani, yeye akiwa msichana. Nikalipa, nikaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kupotea njia. Nilikuwa nadhani kunoa ni kunoa. Nikaingia kwenye mtandao kutafuta namna ya kufufua wembe wa zamani, nikakuta wanaume wazima, tena wengi, wanaogombana kwa ukali ambao sijauona hata kwenye siasa za kwetu. Mmoja anasema toa kutu kwa msasa laini na mafuta. Wa pili anasema ukitia msasa umeua wembe. Huyu ana mawe manne ya kunolea, yule anaapa jiwe moja linatosha. Nilitazama mpaka nikawa sijui hata makali ya wembe ni upande gani.

Nikafanya nilichofundishwa nikiwa mdogo. Nikatafuta jiwe, nikalimwagia maji, nikauinamisha wembe kidogo na kuusugua kama panga. Kutu ilitoka, nikafurahi. Kisha nikasoma kwamba lazima umalizie kwa kuupitisha kwenye ngozi, nikavua mkanda wangu wa kuendea kanisani na kuufunga kwenye kitasa cha mlango. Kumbe kwenye jiwe unasukuma makali mbele, na kwenye ngozi unavuta mgongo mbele, makali yafuate nyuma. Mimi nilitanguliza makali. Mkanda ukakatika vipande viwili, suruali ikabaki bila mwenyewe. Nikajiambia walau sasa unakata. Nikaujaribu kwenye nywele za mkono: haukunyoa hata unywele mmoja, uling'oa tu.

Kila siku nikimaliza shifti kwenye nyumba ya wazee kule Longbridge, nilikuwa nampigia mama. Alikuwa anapokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Umenyolewa?"

"Bado, mama. Wembe haujawa tayari."

"Haya."

Shangazi hakuwa na hizo haya za mama. "Huko kwa Malkia hakuna wembe?" akauliza. Nikamwambia Malkia mwenyewe alishakufa. "Basi hata huko wanajua kunyolewa," akasema, akakata simu.

Nilipokwama kabisa nikapanda basi hadi Balsall Heath, nilikosikia kuna fundi anayenoa visu vya jikoni mwa mahoteli. Nikakuta karakana nyembamba kama korido, na ndani yake mzee wa Kisingasinga, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Nikaanza kujieleza kwa Kiingereza changu. Hakuningoja nimalize.

"Wewe mtu wa Kenya," akasema kwa Kiswahili. "Mimi nilizaliwa Kisumu. Lete nione."

Akaugeuza wembe kwenye mwanga. "Nani amenoa hii?"

"Mimi."

"Umenoa kama panga, kijana."

Akanionyesha. Wembe unalazwa kabisa kwenye jiwe, mgongo na makali vyote vinagusa, na mkono hauukandamizi, unauongoza tu. Nikaukandamiza. Akanipiga kofi dogo mkononi kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nilienda kwake siku zangu tatu za mapumziko, na kila siku nilitoka na vidole vimekunjamana kwa maji na akili imevurugika zaidi, maana kila nilipofikiri nimeelewa, aliyafuta makali yote na kuniambia nianze upya. Siku ya tatu akaupitisha juu ya mkono wangu, karibu bila kugusa. Nywele zikaanguka zenyewe.

"Tayari," akasema.

Nilifurahi, na kwa furaha hiyo nikasema jambo la kipumbavu. Alikuwa mtu wa nje ya ukoo, alikuwa mtu wa nyumbani kwa namna yake, na mkono wake ulikuwa mtulivu. Nikamwomba aninyoe.

Akaukunja wembe, akauweka mbele yangu. Nikaangalia zile ndevu, nikaangalia kile kilemba, nikatamani sakafu inimeze.

"Mimi nitanoa kisu, nitanoa hata upanga," akasema. "Lakini tangu nizaliwe sijakata unywele wa mtu, wala wangu haujakatwa. Hiyo siwezi."

"Nisamehe, mzee. Sikufikiri."

"Hujanikosea. Umechanganyikiwa tu. Baba amekufa, utaacha kuchanganyikiwa?"

Nikarudi Kingstanding na wembe unaokata. Sasa ungetarajia mtu huyu anyolewe. Wapi. Siku mbili baadaye nilirudi karakana, nikasema naona kama makali yamelegea. Mzee akajaribu, akaniambia hayajalegea. Wiki iliyofuata nikarudi tena, eti mpini unacheza. Haukuwa unacheza. Safari hiyo hakuligusa hata jiwe.

"Chuma hiki hakina shida," akasema. "Ukizidi kunoa utakimaliza. Sasa niambie, umekileta kwa nini?"

Nilisimama pale kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Jioni ile nikampigia mama kama kawaida. Akapokea mara moja, akauliza swali lake, nikampa jibu langu la wembe. Lakini hakusema haya.

"Jirani ameniletea chumvi leo," akasema. "Jana aliniletea unga. Wananiletea vitu kama mgonjwa. Wadogo zako wanasema nisikuambie, una kazi nyingi. Lakini mimi nimechoka kukaa, mwanangu. Mlango nauona, na siwezi kutoka."

Nikasema, "Mama, wembe..."

"Wembe umekuwa tayari siku nyingi," akasema, bila hasira. "Mimi nilikuzaa. Ni wewe hujataka."

Nilikuwa nimejiambia kwamba nafanya yote kwa heshima ya baba, na heshima hiyo ilikuwa imemfungia mkewe nyumbani mwezi mzima. Nilikuwa naogopa kigoda, basi. Wadogo zangu walimwona baba akiingia ardhini, mimi niliona picha iliyokwama. Maadamu nywele zangu zilikuwa bado, kwangu jeneza lilikuwa bado halijafika chini. Niliona aibu, na bado niliogopa.

Kuhusu wa kuninyoa, nitasema ukweli ingawa unanichekesha vibaya. Chumba kilichopakana na changu alikuwa anakaa Mkongo mmoja, mtu wa Bukavu, anayefanya kazi ghalani. Miaka miwili tumekuwa tukipishana jikoni. Nikabisha mlango wake nikamweleza. Akaniambia kwao alikuwa kinyozi.

"Kinyozi?"

"Miaka kumi. Weye haukuniuliza."

Jumamosi mchana tukaweka kiti katikati ya jikoni. Simu niliiegemeza kwenye kopo la sukari, na ndani yake alikuwepo mama kwenye kiti chake, shangazi pembeni, na wadogo zangu wamesimama nyuma na nywele zao za mwezi mzima. Mkongo akanilowesha kichwa kwa maji ya moto, akanipaka sabuni, akafungua wembe na kuujaribu kwa kidole gumba.

"Iko mukali sana," akasema. "Nani alinoa?"

Nikataka kusema mimi. Akaanzia kwenye paji la uso, na wembe ule uliokuwa wa baba wa mtu mwingine ukapita polepole bila kuvuta hata mahali pamoja, nywele zikaniangukia magotini, nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya sufuria za watu. Mkongo alikuwa anasimama mabega yangu yakitikisika, akingoja yatulie, kisha anaendelea. Kwenye simu hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Alipomaliza, mama alisogea karibu na simu.

"Haya," akasema. Akageuka, akamwita anayenifuata. "Njoo ukae."

Wao walinyolewa kwa nyembe za dukani, zile za kufungwa kwenye karatasi. Kila mmoja alichukua dakika chache. Niliwatazama wote mpaka wa mwisho, halafu nikamtazama mama akifungua kitambaa chake cha kichwa, naye anyolewe.

Jumatatu nilimpigia kabla ya shifti. Simu ikaita, ikaita, haikupokelewa. Mwezi mzima haikuwahi kuita zaidi ya mara mbili. Nikapiga tena. Ikaita sana, mwishowe akapokea mdogo wangu.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Ameenda sokoni," akasema. "Simu ameiacha mezani."