Vitenge vya Kwaya Vilivyochuja Rangi

Jumatatu baada ya Pentekoste simu ya nyumbani kwetu Koekelberg haikunyamaza. Kila mwanakwaya alikuwa amefua kitenge chake cha sikukuu, na kila mmoja alibaki na beseni la maji ya buluu na nguo iliyopauka. Mama yangu mdogo, niliyekaa kwake tangu nije Brussels kusoma, alipokea simu zote akiwa amesimama. Ndiye aliyevinunua. Kwetu Wakongo kwaya huvaa sare ya kitenge, au kikwembe kama tunavyokiita, na mtu mmoja hutumwa dukani kwa niaba ya wote. Yeye alikuwa mwenyekiti, kila mtu alimwita Maman Présidente, basi alikwenda duka moja karibu na stesheni ya Gare du Midi akarudi na vitambaa vya wote.

Mwenye duka alipofuatwa alisema yeye aliuza nguo nzima. Jumapili, baada ya misa, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza akauliza mbele ya watu:

"Présidente, ulitununulia kikwembe ao karatasi?"

Walicheka. Mama mdogo alicheka pia, lakini tulipofika nyumbani aliniambia angeacha uenyekiti. Alikuwa hana ndugu mwingine Ulaya zaidi yangu. Kwaya ile ndiyo ilikuwa ukoo wake.

"Lakini wewe ulisoma droit," akasema. "Tusaidie."

Nilikuwa na shahada ya sheria, ndiyo, na sikuwahi kumshauri mtu hata kuhusu tiketi ya tramu. Katika mkutano wa kwaya mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu yule mwimbaji alikuwa na shemeji Amerika.

"Kule muntu moja anashitaki, bengine banakaa mu nyumba banangojea," alisema. "Donc tufanye vile."

Nikaenda maktaba kutafuta. Shemeji hakukosea. Kule mnunuzi mmoja anaweza kusimama kwa niaba ya wengi walioumizwa na bidhaa ileile, jaji akiridhika kwamba malalamiko yao yanafanana. Wengine hupewa taarifa. Asiyetaka hujitoa, anayenyamaza huhesabiwa humo, ashinde au ashindwe pamoja nao. Nilisoma nikafurahi, kisha nikatafuta mlango huo katika sheria ya Ubelgiji. Miaka ile haukuwepo bado. Hapa kila mtu alidai kwa jina lake. Mngeweza kuchukua wakili mmoja, lakini kila mmoja alipaswa kuandikwa na kuonyesha kwamba aliuziwa.

Na hao akina mama hawakuuziwa. Aliyeuziwa ni mmoja. Hata kwaya yenyewe haikuwa imeandikishwa popote. Nilizunguka na sentensi hiyo siku nzima, nikiipanga na kuipangua, kisha nikaisema jikoni vibaya kuliko nilivyoipanga.

"Maman, mbele ya sheria kwaya haipo."

"Haipo? Na ile inaimba Jumapili ni nini?"

"Mnunuzi ni wewe tu. Ni wewe peke yako unayeweza kumwita mwenye duka."

Alizima jiko. "Bon. Kama ni mimi, ni mimi."

Tuliomba kwa jaji wa amani, yule wa mashauri madogo ya mtaani, awaite mama mdogo na mwenye duka wapatane kabla ya kesi. Hilo halikuhitaji wakili. Nilipaswa kutulia, lakini nilianza kumjibia mwenye duka kichwani. Je, akisema huyu mama alifulia maji ya moto? Kitenge kimoja hakina jibu kwa swali hilo. Nilipokuwa nikinawa mikono tu, nikaona kitu ambacho maktaba ilikuwa imenieleza na sikukisikia: wengi hawatakiwi kwa ajili ya kelele. Wanatakiwa kwa sababu kosa la mmoja linaweza kuwa lake, lakini kosa lilelile katika nyumba nyingi haliwezi kuwa la nyumba, ni la kitambaa.

Nikawapigia simu akina mama wote waje na vitenge vyao. Yule mwimbaji nilimpigia wa mwisho, kwa woga.

"Mimi nije kumutetea Présidente?" aliuliza.

"Uje useme ulivyofua, maman. Basi."

Siku tuliyoitwa kwa jaji, mwenye duka alisema maji ya moto, neno kwa neno. Jaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, akauliza kama kuna wengine. Nikafungua mlango. Waliokuwa kwenye korido wakaingia mpaka chumba kikajaa, na wa kwanza kunyoosha kitenge chake mezani alikuwa mwimbaji.

"Mimi, Madame le juge, maji baridi. Kwa mukono. Hata sabuni nilionea huruma."

Jaji alivitazama kimoja kimoja. Vyote vilipauka namna moja. Mwenye duka naye alitazama, akavuta pumzi, akakubali kuwapa kitambaa kingine. Gharama ya fundi hakukubali, na tukaiacha.

Kwenye ngazi mwimbaji alimshika mama mdogo mkono.

"Alors, Présidente, tunaenda lini kuchagua?"

"Tunaenda? Si mnatumaga mimi?"

"Tunakutuma," akasema. "Lakini safari hii nitabeba beseni."

Mama mdogo akamwambia Jumamosi, asichelewe.