Mpika mawese aliyeacha kazi, na fundo linalotakiwa na kila mtu

Saa moja asubuhi Ernestina anainamia pipa la mafuta na kufumba macho. Wanaume wanne wanaosukuma mti wa mashine ya kukamulia chikichi, hapa Minago kando ya Ziwa Tanganyika, wanasimama na kunyamaza bila kuambiwa. Wameshamzoea. Mama huyu akisikiliza, hata mwenye kikohozi anajiziba mdomo.

Ndani ya pipa mafuta yanatatarika. Anatikisa kichwa.

"Mawese yenye maji yanalia. Maji yakiisha, yananyamaza. Ukiyatoa yakiwa bado yanalia, hayakai, yanachacha," anaeleza, huku akisukuma ukuni mmoja motoni.

Leo ni Ijumaa, siku yake ya mwisho hapa baada ya miaka kumi na mitatu. Jumatatu anatakiwa kuripoti katika kiwanda kipya cha mawese kule Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge. Ungetegemea umkute anacheka. Hacheki. Tangu Jumanne, kwa maneno yake mwenyewe, anamshuku kila anayempa hongera.

Ernestina, mwenye miaka 51, hapa hujulikana kama Mama Eliana, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alizaliwa ukimbizini upande wa Kigoma, Tanzania, walikokimbilia wazazi wake mwaka 1972. Aliporudi Burundi mwaka 2012 hakuwa na shamba wala mchikichi hata mmoja. Alikuwa na ujuzi wa kupika mawese, aliofundishwa na mama mkwe wake, Marcelina.

Tena alikuwa na fundo. Huku madumu ya mafuta hayana nembo. Mpishi hufunga mdomo wa dumu kwa kamba ya mgomba, kwa namna yake, na mnunuzi hutazama fundo kabla hajauliza bei. La Mama Eliana lina mapindo matatu, na ncha yake hurudishwa ndani isionekane. Sokoni Rumonge dumu lenye fundo hilo hakuna anayelifungua aonje. Linapakiwa tu kwenye baiskeli.

Mwezi uliopita meneja wa kiwanda kipya, Darius, alimwita Kigwena akaone mahali. Alipokewa kama bibi harusi: soda baridi, kiti chenye mto, na "mama" kila baada ya neno. Aliahidiwa faranga laki nne kwa mwezi, iwe mvua iwe jua. Minago hulipwa elfu nane kwa siku, na chikichi zikipungua halipwi kitu. Nani angekataa?

"Nilitaka kuona wanapopikia. Wakasema fundi wa moto hayupo, nitaona siku nyingine," anakumbuka. "Halafu Darius akaniomba niwaonyeshe ninavyofunga. Kulikuwa na bidoni kumi na mbili za mafuta zimejaa. Nikazifunga zote."

Kwa nini zote?

Anatoa kicheko kifupi, kichungu. "Mtu amekupa soda, mwanangu. Utakataa kumfungia bidoni?"

Kesho yake alimpelekea bosi wake wa Minago, Zabroni, barua ya kuacha kazi. Zabroni aliisoma amesimama, akaikunja mara nne. "Sawa mama, Imana ikuongoze," akasema, akimtaja Mungu kwa Kirundi, basi. Hakuuliza anakwenda wapi wala kwa nini.

"Miaka kumi na mitatu! Hata mbuzi akipotea watu wanauliza," anasema Ernestina. Ilimuuma, wala hafichi.

Mushagalusa, mmoja wa wasukumaji wa mashine, mzaliwa wa Kivu Kusini, anasema alimwonya mapema. "Miye nilimwambia: Mama Eliana, mutu anataka kukulipa vile na hajaona weye unapika, iko anatafuta nini? Akasema niko na wivu."

Majirani waliorudi naye kutoka Tanzania walimkumbusha kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Hakusikia. Laki nne zilikuwa zimeyaziba masikio yale yale yanayosikia mafuta yakiiva.

Wiki iliyopita mkataba ukaja, ukurasa mmoja wa Kifaransa. Eliana, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alimsomea mama yake na kumfasiria. Cheo kilikuwa kikubwa: mkuu wa ubora. Moto haukutajwa popote, wala kupika. Kilichoandikwa ni kwamba atafunga madumu yote yanayotoka kiwandani, na kwamba hatamfungia mtu mwingine yeyote.

"Nikamwambia, rudia hapo. Akarudia mara tatu," anasema Ernestina. Hakutia sahihi usiku huo, akajiambia ataweka kesho. Kesho ikawa kesho kutwa.

Jumanne akaja Chanceline, mfanyabiashara anayepeleka mawese Bujumbura na mteja wake wa miaka tisa. Alishuka kwenye pikipiki akiwa amefura.

"Mama Eliana, bidoni zako mbili zilinipatisha aibu. Mukiriya, muteja wangu, alimwaga mafuta mu sufuria, ikalia paa, paa, ikamuchoma mukono. Nikamwambia haiwezekane, iko na fundo ya Mama Eliana!"

Ernestina alimuuliza alikoyanunua. Rumonge, Chanceline akajibu, kwenye gari lililotoka Kigwena.

"Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mafuta sikuyapika, sikuyasikiliza, lakini jina ni langu."

Alimpigia simu Darius. Akajibiwa kwamba ni makosa ya bohari, madumu yalichanganyika, mama asijali. Huenda ni kweli. Gazeti hili lilipompigia, Darius alisema vilevile, neno kwa neno, kama mtu aliyekariri.

Jumatano asubuhi Ernestina alijikaza akaenda ofisini kwa Zabroni kuomba barua yake irudishwe. Maneno alikuwa ameyapanga tangu nyumbani. Nyuma ya ofisi akamkuta Aksanti, msaidizi wake jikoni, ameinamia dumu. Mapindo matatu, ncha imerudishwa ndani.

"Pardon, mama," Aksanti alisema, kamba ikiwa bado mkononi. "Patron alisema nijifunze, juu wateja wasikimbie."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ulileta barua."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ernestina alielewa hapo kwa nini barua ilikunjwa bila swali. Mlango wa Zabroni hakuugonga. Kigwena wanataka afunge asichopika, na Minago wanataka mwingine afunge kwa jina lake.

Zabroni mwenyewe, alipoulizwa, alikuna kidevu. "Ni kamba tu, bwana. Kamba haina mwenyewe."

Karibu na saa nne pipa linatulia. Ernestina anachota mafuta, anajaza madumu sita, anakaza vifuniko. Aksanti anamletea kamba za mgomba, zimelowekwa tayari. Anazitazama, anashukuru kwa Kirundi, "Murakoze," na kuziacha pale pale. Madumu sita yanabaki na vifuniko tu, bila fundo.

Atakachofanya baada ya hapa amekwisha kukiamua. Kesho atakwenda soko la Rumonge kumwonya mnunuzi mmoja mmoja, akianza na Chanceline. Jumatatu atafika Kigwena na mkataba usio na sahihi, aombe kuonyeshwa moto. Wakisema tena fundi hayupo, anapanda pikipiki kurudi. Mushagalusa na mwenzake mmoja wako tayari kukodi naye mashine siku mbili kwa wiki. Ni kidogo kuliko alichokuwa nacho, na anajua.

"Nitauza kwa sufuria. Nachemsha kidogo mbele ya mteja, asikie mwenyewe kama yanalia," anasema.

Kisha anakigeukia kijitabu cha mwandishi na kukigonga kwa kidole chenye mafuta.

"Kama utaandika, anza na hili kabla ya mengine. Fundo la Mama Eliana msilinunue tena, hata mkiapiwa kwamba nimelifunga mimi."