Jiko la Mwisho Kukauka

Mimi Kisilu ni fundi viatu. Jirani yangu ni Nthenya, anayepika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye njia ya kwenda hospitali hapa Machakos mjini. Moshi wake na wa wenzake umenitoa machozi miaka na miaka. Basi kaunti ilipoamua kusafisha hewa ya mji, nilishangilia. Njia ilifungwa, magari yasipite, na wapishi wakaambiwa kufikia Pasaka kila kibanda kiwe na jiko lenye bomba la kutolea moshi, la sivyo hakuna kupika.

Nthenya hakushangilia. Kibanda kile ndicho kilichomsomesha binti yake, Emily, na fundi wa majiko alikuwa ghali. Akasema ataita mwethya, watu wajengeane majiko kwa zamu.

"Mwethya ni ya kuchimba matuta shambani, Mama Emily," nikamcheka. "Hapa ni mjini."

"Kwani watu wa mjini hawana mikono?"

Wapishi wenzake wakaja, leso viunoni, wakakanyaga udongo huku wakiimba kama wako kijijini Masii. Leo kwa Syombua, kesho kwa Wamuyu. Yeye akajiweka mwisho, maana aliyeita watu haanzi kujipakulia. Adabu hiyo ikamponza. Pasaka ilifika jiko lake likiwa bado bichi, na jiko bichi ukiliwasha linapasuka.

Bwana Nzomo, afisa wa afya, akaja kukagua. Akaligusa, kidole kikatoka na tope.

"Pole mama, hii bado. Huwezi kupika hapa."

Nthenya akakaa kwenye kigoda changu. Iliniuma sana. Mteja akishazoea kula kwingine, kumrudisha ni kazi.

Kesho yake sufuria zake hazikuwapo. Nikadhani amehama. Kumbe wenzake walikuwa wamegawana: kila jiko lilichemsha muthokoi ya Nthenya kwanza, ndipo ya mwenyewe, naye akizunguka na mwiko wake kuonja chumvi.

Mchana Bwana Nzomo akapita tena. Akatazama jiko la Nthenya, halijawashwa, akaridhika, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu mwenye njaa, "Sasa ile muthokoi ya huyu mama nitaipata wapi?"

"Hapa!" wakaitikia kutoka vibanda vyote, kwa pamoja.

Bwana Nzomo akacheka hadi akavua kofia. Nthenya akasimama katikati ya njia, mwiko mkononi, kichwa juu. Nami machozi yakanitoka, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.