Fundi Aliposafishiwa Rekodi

Fundi wa magari aliyepakana nyumba na Verna alikuwa mtu wa kubisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Mikono aliisugua kwa brashi mpaka kucha zikang'aa, na kila theluji ilipoanguka pale Toledo, Marekani, alisafisha ngazi za Verna kabla ya zake. Alisema polepole, kama anayebembeleza mtoto. Kwa hiyo alipomwomba akamsemee mahakamani, ili amri ya mahakama ya kumkataza asimkaribie aliyekuwa mkewe, iliyokwisha muda wake zamani, ifutwe kwenye rekodi apate kazi ya kutengeneza mabasi ya shule, Verna alicheka. "Ugomvi wa talaka tu huo! Nitakuja, mwanangu, tena na kofia yangu ya kanisani."

Jaji aliuliza kama kuna anayepinga. Mwanamke aliyekaa nyuma akasimama. "Mimi ndiye niliyekuwa mkewe, Mheshimiwa. Sipingi. Ila aseme mwenyewe alichonifanyia." Fundi akajibu kwa sauti ileile ya upole: "Nilimfungia karakanani, Januari, kwenye baridi kali, bila viatu. Kisha nikaenda kulala." Jaji alipomwita Verna amsemee fundi, alisimama. "Yeye huniondolea theluji," alisema, akaketi. Ombi likakubaliwa. Nje, fundi alimfungulia mlango wa gari, akitabasamu. "Karibu, mama, nikurudishe nyumbani." Verna alirudi nyuma hatua moja, mkoba kaukumbatia kifuani. "Asante," alisema. "Nitapanda basi."