Uso Mweupe wa Saa ya Mzee Mkude

Hadi leo nikipita mahali wanapouza petroli kwa chupa, huharakisha hatua. Wengine harufu ile huwakumbusha safari. Mimi hunirudisha barazani kwetu Mwembesongo, kwenye meza ya baba yangu, fundi saa, ambako vyuma vidogo vidogo viliogeshwa petroli kwenye kisosi asubuhi mpaka jioni.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka yaliyozoea kuuza sabuni na subira yalijaa bidhaa ghafla, na kila mtu alitaka kitu king'aacho. Watu walileta hata saa zao za zamani ili baba azivue nyuso nyeupe, vile vibati vyenye namba, na kuzivisha nyeusi zenye alama nyekundu, zilizokuwa zikitoka Dar. Zile nyeupe za kawaida mafundi wote mjini walizitupa. Nani angezitaka?

Basi Mzee Mkude, mkulima wa kabichi kutoka huko juu milimani, akaleta saa iliyosimama. Ilikuwa saa ya kupimia mbio, ina visaa viwili vidogo ndani ya uso wake na vibonye ubavuni. Mwanawe, mwalimu wa michezo, aliivaa mpaka alipofariki. Kwa mila za Waluguru, mali ya marehemu ni ya ukoo wa mama yake. Wajomba walichukua baiskeli na redio, wakamwachia mzee saa hiyo tu, kwa kumhurumia.

Baba aliitengeneza, kisha akafanya kosa kwa wema wake: akaivisha uso mweusi bure, ili amfurahishe mzee. Ule mweupe, uliokwishageuka manjano, akauweka kwenye kopo la maziwa. Mimi, miaka tisa na kiherehere changu, nikauona, nikasema ngoja nimsaidie baba. Nikausugua kwa majivu kama mama alivyonifundisha kusugua sufuria. Ulitakata, nawaambieni. Ila namba zote zilikwenda na majivu. Nikauficha chini ya godoro langu.

Jumamosi mzee akashuka. Baba alimkabidhi saa, naye akaigeuzia mwangani.

"Hii si ya mwanangu," alisema.

"Ni ile ile, mzee wangu. Nimebadilisha uso tu. Ule wa zamani ninao hapa."

Baba akafungua kopo, akalimimina mezani. Akapekua kwa kibano, kisha kwa vidole. Nami nilikuwa mlangoni nachambua mchele wa Dakawa, na kuanzia hapo sikuona tena jiwe wala chuya.

Mzee hakupandisha sauti. Alikaa kwenye benchi, akasema atakuja kukaa hapo kila siku mpaka apewe uso aliokuwa akiusoma mwanawe. Watu wakajaa. Muuza vitumbua wa jirani akasema, "Kumbe ndivyo tunavyoibiwa. Anatoa cha maana, anakubandikia takataka." Hakuna aliyemkanya. Na fundi saa akishaitwa mwizi, bora akunje meza, maana nani atamwachia kitu chake?

Jumapili, baada ya misa, mzee alikuwa benchini. Baba alipanda baiskeli, akawazungukia mafundi wote wa mjini, na Jumatatu akafika hadi Mikese, nje ya mji. Nyuso nyeusi alipewa mpaka akachoka. Ule mweupe wa kawaida haukupatikana hata mmoja. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, hakula. Siku hiyo hiyo wateja wawili walikuja kuchukua saa zao kabla hazijapona. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliiona ndefu kama barabara ya Dar.

Jumanne asubuhi nilishindwa. Niliutoa ule uso, nikapiga magoti mbele ya mzee.

"Babu, ni mimi. Nilidhani ni uchafu."

Aliushika ule uso usio na kitu, akaugeuzageuza. Machozi yakamlenga. Mimi nilikwishaanza kulia kabla yake. Kisha akampa baba.

"Urudishe hivyo hivyo."

Baba akaurudisha. Mzee akaifunga mkononi saa isiyo na namba, akawaambia waliokuwepo kwamba fundi huyu si mwizi, akaanza kupanda mlima.

Sikuchapwa. Niliamini ni kwa sababu nilisema kweli, na nikajivunia hilo kwa miaka mingi. Baba alipokuwa mgonjwa, nami nina watoto wangu, nilimuuliza kwa nini alinisamehe upesi vile.

"Ule uso niliuona Jumamosi ile ile, nilipopekua chumbani kwenu," alisema. "Nikaurudisha chini ya godoro. Nikasema nikipata mwingine, mzee atatulia na wewe hutaaibika. Sikupata. Basi nikangoja useme."

Siku zote zile aliitwa mwizi akijua uso ulipo, na kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo aliniitikia, "Marahaba, mwanangu."